Pumzi na Mkato

Kwa muda wa miaka 27 niliyofundisha Kiingereza katika shule za sekondari, kanuni niliyoitoa mara nyingi kuliko zote ilikuwa hii: wekeni mkato mahali mnapovuta pumzi. Niliipokea kutoka kwa mwalimu wangu, naye bila shaka aliipokea kutoka kwa wake. Ni kanuni fupi, haisahauliki, na mtoto wa kidato cha kwanza huielewa kabla kengele haijalia. Niliiandika ubaoni, nikaitumia kusahihishia madaftari kwa wino mwekundu, na mara mbili tatu niliitetea mbele ya walimu wenzangu walioitilia shaka. Katika insha hii nakusudia kuihukumu. Lakini msomaji ajue mapema kwamba mimi si hakimu asiye na upande. Kanuni hiyo ilinitia aibu mbele ya mtu niliyetaka kumsaidia, na aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kuichunguza.

Mwaka 1996 rafiki yangu mmoja alifariki dunia mjini Tanga, akaacha mke na watoto wanne. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ilimwandikia mjane barua ya Kiingereza, ikimtaka aeleze hali ya wategemezi wa marehemu kabla mafao hayajalipwa. Mjane huyo, ambaye mimi humwita shemeji, alisoma mpaka darasa la saba. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, lakini Kiingereza hakijui. Akaniletea karatasi.

"Shemeji, wewe ndiye mwalimu," akasema. "Nijibie."

Nilimwandikia barua ya ukurasa mmoja, nikaisoma kwa sauti, nikaridhika nayo, nikaipeleka kupigwa chapa. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "The children who live with her, have no other support." Nilichokusudia kusema ni kwamba watoto wa marehemu wanaishi na mama yao na hawana msaada mwingine. Nilipofika kwenye neno "her" nilivuta pumzi, kwa hiyo nikaweka mkato. Sentensi ilipendeza sikioni.

Baada ya wiki tano jibu lilikuja. Ofisi ilishukuru kwa maelezo, kisha ikaomba ipelekewe majina, umri na makazi ya watoto wa marehemu ambao hawaishi na mjane, ili nao wahesabiwe katika mgawo. Shemeji alikuwa ameketi mbele yangu, khanga imemkaa begani, akisubiri nimfasirie. Nilisoma mara mbili kimoyomoyo nikitafuta namna ya kulisema jambo lile bila kulisema. Haikupatikana. Nikamfasiria kama lilivyo.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, wewe ulikuwa rafiki yake tangu ujana. Wapo?"

"Hawapo," nikamjibu. "Kosa ni langu."

"Kosa gani la kwako linaloleta watoto?"

Nikachukua nakala ya barua, nikamwonyesha kwa kidole ule mkato mmoja, nikajaribu kumweleza. Aliutazama kwa makini, kama mtu anayetazama mdudu asiyemjua. "Kwa hiyo," akasema, "hiki kialama ndicho kilichozaa?" Sikujua kama alikuwa anacheka, na mpaka leo sijui.

Basi tuitazame sentensi ile kama mafundi wanavyokitazama chombo kilichovunjika. Kiingereza kina namna mbili za kutumia maneno kama "who live with her". Namna ya kwanza ni ya kuchagua: miongoni mwa watoto, nataja wale tu wanaoishi naye. Hapo hapawekwi mkato hata mmoja. Namna ya pili ni ya kuongeza habari: watoto wote nimekwisha kuwataja, na kwa kupita nakueleza kwamba wanaishi naye. Hapo huwekwa mikato miwili, mmoja kabla ya "who" na mmoja baada ya "her". Mikato hiyo hufanya kazi ya mabano, na kama mabano, huenda miwili miwili. Ukiweka mmoja ukaacha wa pili, umemvalisha mtu ndara ya mguu mmoja.

Mimi niliweka mmoja. Kibaya zaidi, mkato wangu ulisimama kati ya watoto na kitenzi chao, mahali ambapo Kiingereza cha leo hakiruhusu mkato ulio peke yake. Karani aliyeipokea barua alikuwa na njia mbili: ama auhesabu mkato ule kuwa uchafu na kuisoma sentensi kama haumo, ama anibunie mkato wa pili ambao sikuuandika. Akachagua njia ya kwanza, na sentensi isiyo na mkato ina maana moja tu: wako watoto wanaoishi naye, na kwa hiyo huenda wako wasioishi naye. Alisoma nilichoandika, hakusoma nilichokusudia. Simlaumu. Laiti angekuwa mzembe, huenda mafao yangelipwa mapema.

Sasa turudi kwenye kanuni ya pumzi, tuitendee haki kabla ya kuikataa. Haikuzuka hewani. Yapata miaka 200 kabla ya Kristo, huko Alexandria nchini Misri, mkuu wa maktaba aliyeitwa Aristophanes wa Byzantium alipanga nukta za vimo vitatu, ya juu, ya kati na ya chini, ili kumwonyesha msomaji atue kwa muda gani anaposoma kwa sauti. Maandiko ya siku hizo yaliandikwa bila nafasi kati ya maneno, na kusoma kulikuwa kazi ya koo na mapafu. Neno "koma" lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni kipande kilichokatwa. Sisi tunaposema mkato hatuko mbali na asili hiyo. Umbo la mkato tunalolijua leo lilikaa sawa katika kiwanda cha uchapaji cha Aldus Manutius mjini Venice, mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo anayesema kwamba mkato ulizaliwa kwa ajili ya pumzi hasemi uongo.

Na sisi wa lugha ya Kiswahili tuna sababu zaidi ya kumwamini. Shairi letu linalochapishwa gazetini aghalabu huwa na mkato katikati ya kila mshororo, baada ya mizani ya nane, ili kutenga ukwapi na utao. Mkato huo hauulizi kama maana imekwisha au haijakwisha. Unafuata mizani na sauti ya mwimbaji. Aliyelelewa na mashairi hayo, kama nilivyolelewa mimi, huona mkato kuwa ni mahali pa kutua. Tena Kiswahili chetu cha barua huunganisha mambo kwa mkato bila wasiwasi. Tunaandika, "Nimepokea barua yako, nimefurahi sana," na hakuna aliyewahi kulalamika. Mwanafunzi wangu alipoandika "I received your letter, I was very happy," alikuwa anaandika Kiswahili safi kwa maneno ya Kiingereza. Nilimpa alama ya kosa, lakini sikumweleza kwamba kosa lile lilitoka nyumbani kwao, mahali ambapo si kosa.

Hata hivyo, palikuwa na mwalimu mwingine ambaye angeniokoa kama ningemkumbuka kwa wakati. Nilisoma chuoni kabla sijaanza shule. Mwalimu wetu wa chuo alitufundisha alama ndogo zinazoandikwa juu ya mistari ya msahafu. Mimu ndogo humwamuru msomaji asimame, lamu-alifu humkataza, jimu humpa hiari. Ziko pia nukta tatu tatu zinazowekwa mahali pawili karibu karibu: ukisimama penye za kwanza, usisimame penye za pili. Hizo ndizo alama za waqfu, na neno letu "uakifishaji" linatokana na mzizi huohuo wa kusimama. Basi mtoto akiishiwa na pumzi kabla ya kituo, mwalimu hakumwambia kwamba hapo pamegeuka kuwa kituo. Alimwacha apumue, kisha akamrudisha nyuma maneno mawili matatu, aanze tena mahali ambapo maana haikatiki.

Tuliambiwa pia kwamba kusimama si jambo la mapafu tu. Wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi juu ya aya ya 7 ya Sura ya Aali Imran. Msomaji akisimama baada ya jina la Mwenyezi Mungu, maana ni kwamba tafsiri ya aya zenye kufichika anaijua Yeye peke yake. Akiunganisha, waliozama katika elimu nao wanaingia miongoni mwa wanaoijua. Wengi husimama. Lakini hata wasiosimama hawana hoja ya pumzi. Hoja yao ni ya maana.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipoyajua hayo. Nilijua kwamba pumzi ni ya msomaji, na kituo ni cha maneno, na kwamba viwili hivyo vinapogombana anayerudi nyuma ni msomaji. Lakini nilipoingia katika darasa la Kiingereza niliiacha elimu hiyo mlangoni pamoja na ndara zangu, kana kwamba lugha ya ofisini haiwezi kuwa na jambo linalofanana na la chuoni. Hilo ndilo kosa langu kubwa, na mkato wa barua ile ulikuwa mtoto wake.

Baada ya aibu ile nilianza kusoma vitabu vya kanuni za Kiingereza kwa jicho la mtu aliyeumwa na nyoka. Kitabu kilichonisaidia zaidi ni kile kidogo kiitwacho The Elements of Style. William Strunk, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alikichapisha mwenyewe mwaka 1918 kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwaka 1959 mwanafunzi wake wa zamani, E. B. White, alikifanyia marekebisho, na tangu hapo kimesomwa duniani kote. Kanuni yake ya tatu ndiyo hasa niliyoivunja: maneno ya kuongezea yafungwe kwa mikato pande zote mbili. Hamna pumzi ndani yake, mna muundo wa sentensi tu. Namsifu Strunk kwa ufupi wake, na namsifu zaidi kwa kukiri kwamba si rahisi kila mara kuamua lipi ni neno la kuongezea na lipi si la kuongezea.

Lakini hapo ndipo lawama yangu inapoanza. Strunk aliwaandikia vijana ambao wengi wao walikisikia Kiingereza tangu utotoni. Kijana wa namna hiyo ukimwambia "maneno ya kuongezea" anahisi ndani ya sikio lake yepi ni hayo. Kijana wa Muheza au Pangani hana sikio hilo. Anayo kanuni tu, na kanuni inamwambia afunge kitu ambacho hajafundishwa kukitambua. Ndiyo sababu, nadhani, walimu wetu waliikimbilia pumzi. Haikuwa ujinga. Walikuwa wakitafuta kitu ambacho kila mtoto anacho mwilini mwake, na pumzi wote tunayo. Walichagua kipimo kilicho karibu badala ya kipimo kilicho sahihi.

Kitabu kingine kilichopata wasomaji wengi sana ni cha Mwingereza Lynne Truss, Eats, Shoots & Leaves, kilichotoka mwaka 2003. Jina lake linatokana na kichekesho cha panda, yule mnyama wa China anayekula machipukizi na majani. Mkato ukiwekwa pasipo pake, machipukizi yanageuka kuwa risasi na majani yanageuka kuwa kuondoka, na mnyama mpole anakuwa jambazi anayekula, anapiga bastola na kwenda zake. Kichekesho ni kizuri na kitabu kinasomeka kwa raha. Truss anakubali kwamba uakifishaji una kazi mbili, kuonyesha sarufi na kuongoza sauti, na katika hilo yuko sawa. Kinachonikera ni hasira yake, hata kama ni hasira ya mzaha. Kurasa nyingi zinatualika tucheke mabango ya wenye maduka na wauza mboga, kana kwamba kukosea alama ni utovu wa adabu.

Mwaka 2004 mhakiki wa Marekani, Louis Menand, alikipitia kitabu hicho katika gazeti la The New Yorker, akaonyesha kwamba mwenyewe ana makosa ya alama. Kosa la kwanza alilikuta katika maneno ya kutabaruku, kabla hata kitabu hakijaanza. Ulikosekana mkato kabla ya neno "who". Nilipolisoma jambo hilo niliweka gazeti chini nikatoka nje. Lilikuwa kosa langu lilelile, mahali palepale, la mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo na kuifanya kazi ya maisha. Sikufurahi kwa kuanguka kwake. Nilichokiona ni kwamba jambo hili ni gumu kweli, na kwamba kicheko si njia ya kulifundisha.

Msomaji anaweza kusema nakuza jambo dogo kwa sababu limenigusa mwenyewe. Basi na tuangalie mahakamani, ambako mambo madogo hupimwa kwa mizani kubwa. Roger Casement, mtu wa Ireland, anakumbukwa katika historia ya Kongo kwa ripoti yake ya mwaka 1904. Akiwa konseli wa Uingereza, alifichua mateso waliyotendewa watu wa nchi ile chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Miaka 12 baadaye alishtakiwa mjini London kwa uhaini, kwa kuwa alitafuta msaada wa Ujerumani wakati wa vita ili Ireland ijikomboe. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1351, tena iliandikwa kwa Kifaransa cha zamani. Wakili wake alidai kwamba sheria ile inamhusu anayeungana na maadui akiwa ndani ya milki ya mfalme, na Casement alifanya aliyoyafanya huko Ujerumani. Upande wa mashtaka ulisema kwamba maneno "au mahali penginepo" yanaurudia msemo wote. Majaji wawili walikwenda kuikagua hati ya kale kutazama alama zake. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916, na watu husema alinyongwa kwa mkato. Mimi sisemi hivyo. Vita na siasa vilikuwa na nguvu kuliko alama yoyote. Lakini uhai wa mtu ulijadiliwa kwa swali la mahali pa kutua, katika hati iliyoandikwa kabla kanuni za leo hazijakuwapo.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Katika jimbo la Maine nchini Marekani palikuwa na sheria iliyowanyima malipo ya saa za ziada watu wanaofanya kazi fulani za vyakula. Sheria ilizitaja kazi hizo moja baada ya nyingine, ikamalizia kwa maneno yenye maana ya kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Madereva wa kampuni moja ya maziwa wakauliza: je, inayotajwa mwishoni ni kazi moja, yaani kufungasha, au ni mbili, kufungasha na kusambaza? Wao walisambaza tu, hawakufungasha. Kama mkato ungekuwepo kabla ya neno "or", wangekosa haki. Haukuwepo. Tarehe 13 Machi 2017 mahakama ya rufaa ilisema maneno hayo yana utata, na utata huo uwafae wafanyakazi. Mwaka uliofuata kesi ilimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 5. Cha ajabu ni kwamba waandishi wa sheria ile hawakukosea kwa mujibu wa mwongozo wao, maana mwongozo wa jimbo uliwaelekeza kutoweka mkato mahali hapo. Baadaye wabunge waliiandika upya wakatumia nukta-mkato.

Kesi hizi mbili zimenifundisha jambo ambalo sikulikuta katika vitabu vya kanuni kwa uzito unaostahili. Mkato unapobeba mzigo mkubwa hivyo, mara nyingi kosa limekwisha kutendeka kabla ya mkato. Limetendeka katika maneno. Tuseme ningeweka mikato yangu miwili kwa usahihi wote wa Strunk, "The children, who live with her, have no other support." Sentensi ingekuwa sahihi, lakini bado ukweli wa ukoo mzima ungening'inia kwenye alama mbili ambazo mpiga chapa angeweza kuzisahau na karani angeweza kuziruka. Nilipoandika barua ya pili, niliandika hivi: "All four children live with her. They have no other support." Sentensi mbili, nukta mbili, wala hapana mkato. Hakuna pumzi itakayoipotosha barua hiyo. Mafao yakalipwa, yakiwa yamechelewa miezi minne. Katika miezi hiyo mtoto wa pili alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Kwa hiyo, leo ningefundisha nini? Kwanza, ningewaambia wanafunzi kwamba katika uandishi wa kila siku, yaani barua, maombi ya kazi na taarifa za vikao, kazi za mkato zinazohitaji uangalifu ni chache, wala hazizidi vidole vya mkono mmoja. Kuna kutenganisha vitu katika orodha. Hapo Waingereza wengi huacha mkato kabla ya "and" ya mwisho, Wamarekani wengi huuweka, na mwenye hekima huuweka kila anapoona bila huo vitu viwili vitashikamana. Kuna kufunga maneno ya kuongezea, na kipimo chake ni chepesi: yafunike kwa kidole. Kilichobaki kikisimama na kubaki kweli, weka mikato miwili. Kikibadilika maana, usiweke hata mmoja. Kuna kuunganisha sentensi mbili kamili. Mkato peke yake hauwezi kazi hiyo katika Kiingereza rasmi, unahitaji msaidizi kama "and" au "but", la sivyo weka nukta.

Na kuna kumtenga mtu unayemwita. Mtoto aliye mbali akiandika "I have not forgotten, Mother," anamwambia mama yake kwamba hajasahau jambo fulani. Akiandika "I have not forgotten Mother," anamwambia mtu mwingine kwamba hajamsahau mama. Sisi tuna kiambishi cha kutuokoa: "sijasahau" na "sijamsahau" hazifanani. Kiingereza hapo hakina kiambishi. Kina mkato tu, na ndiyo maana mkato wake una thamani kuliko wetu. Lakini nasi tusijivune. Andika "Sitaki uje kesho," kisha andika "Sitaki, uje kesho," uone kama mgeni wako atafika.

Pili, ningewaambia kwamba pumzi ni rafiki wa kusoma, si fundi wa kuandika. Mtu na asome kazi yake kwa sauti ili asikie urefu wa sentensi zake. Akiishiwa na pumzi, hiyo ni dalili kwamba sentensi ni ndefu. Dawa yake ni kuikata kwa nukta au kuipanga upya. Mkato hautibu ugonjwa huo, unaufunika.

Tatu, ningewaambia habari za barua ile. Sikuwahi kuwaambia. Niliendelea kufundisha miaka kadhaa baada ya 1996, na ingawa niliacha kuitamka kanuni ya pumzi, sikusimama mbele ya darasa hata siku moja nikasema kwamba niliyowafundisha kaka na dada zenu hayakuwa sahihi. Niliona haya. Mwalimu anayesahihisha kwa wino mwekundu hupata shida kujisahihisha mwenyewe.

Kuhusu shemeji, nilidhani jambo limekwisha. Lakini miaka mingi baadaye, kwenye harusi ya mtoto wake wa mwisho, aliniita pembeni, mbali na ngoma, akaniuliza tena lile swali. Nikamjibu vilevile. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wageni wake. Nilielewa kwamba kwa muda wote ule alikuwa akimtazama kila kijana aliyemfanana marehemu njiani.

Mwaka jana alimtuma kwangu mjukuu wake, kijana aliyemaliza masomo na anayetafuta kazi. Alikuja na barua ya maombi ya Kiingereza.

"Shikamoo babu. Bibi amesema uitazame, hasa vile vialama."

"Marahaba. Vialama gani?"

"Sijui. Amesema babu mwenyewe anajua."

Niliisoma. Ilikuwa barua nzuri, ya kijana mwenye bidii. Katika aya ya pili alikuwa ameandika, "The skills which I acquired during my training, will be useful to your office." Kalamu nyekundu ilikuwa mezani. Nikachukua penseli.

"Kwa nini umeweka mkato hapa?" nikamwuliza.

"Nilipumua, babu."

Nilitaka kumwuliza ni nani aliyemfundisha hivyo, lakini nikahofia jibu. Nikamwambia afunike kwa kidole maneno yale kuanzia "which" mpaka "training", asome kilichobaki. Akasoma. Nikamwuliza kama ana maana ya kila ujuzi alio nao duniani, au ule tu alioupata masomoni. Akafikiri kidogo, akasema ule wa masomoni. "Basi unachagua," nikamwambia, "na anayechagua haweki mkato." Akaufuta kwa kifutio, akaipangusa karatasi kwa kiganja, kisha nikamtaka aisome tena sentensi yote kwa sauti. Aliisoma vizuri. Alipofika kwenye neno "training" alivuta pumzi, palepale alipokuwa ameweka mkato, na sentensi haikuvunjika.